Umetumikia jeshi la akiba Marekani? Jinsi ya kujua mafao ya VA (idara ya maveterani) unayostahili

Mwaka jana kijana wetu mmoja wa Tanga alikuja kwangu hapa Texas na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na DD-214 moja, hati ya kumaliza kipindi cha kazi ya muda wote jeshini, na barua ya VA iliyokataa dai lake la goti. "Kaka, si nina DD-214? Na nimetumikia miaka 6." Nikaigeuza ile karatasi. Tarehe zilikuwa za mafunzo ya mwanzo, na goti liliumia miaka 3 baadaye, Jumamosi ya drili, yaani mazoezi ya wikendi ya jeshi la akiba. Nilimcheka kidogo, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi nililiwa na kosa hilohilo. Nilivyomwelekeza ni hivi.

Hatua ya 1: Karatasi

DD-214 zote, moja kwa kila kipindi. Waliokuwa National Guard (jeshi la akiba la jimbo) waongeze NGB-22, hati yao ya kuondoka kikosini. Kisha taarifa ya pointi unazopata kwa kila utumishi, ambayo kwa Army Reserve (akiba ya jeshi la nchi kavu) ni DA 5016. Iliyopotea iombe mtandaoni kwenye kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, ni bure. Skani vizuri, usinipige picha za simu zenye kivuli cha kidole.

Hatua ya 2: Gawa siku zako mafungu matatu

Mimi hutumia daftari la mistari. Kwenye kompyuta watu huanza kupaka rangi visanduku na kazi haiishi.

Fungu A ni siku ulizoitwa na serikali kuu kwenda kazini hasa: Kuwait, Djibouti, popote. Fungu B ni mafunzo ya muda wote: yale ya mwanzo, na zile wiki mbili za kila mwaka. Fungu C ni wikendi za drili, ambazo kwenye taarifa ya pointi utazitambua kwa pointi 4 kila wikendi.

Wa National Guard, soma amri yako ya kuitwa neno kwa neno. Kama uliitwa na gavana kwa mafuriko na jimbo ndilo lililokulipa, kwa VA siku hizo kwa kawaida hazihesabiki, hata kama ulilala kwenye maji wiki nzima.

Hatua ya 3: Linganisha

GI Bill ya baada ya 9/11 (mafao ya masomo): siku 90 za fungu A, hata zikiwa za vipande, zinakupa asilimia 50 ya mafao. Miezi 36 inakupa 100. Mafunzo ya mwanzo peke yake hayakufikishi.

Mkopo wa nyumba wa VA: miaka 6 kwenye kikosi cha drili ukiwa na rekodi safi inatosha, hata kama hukuvuka mpaka wa jimbo. Hili wengi wetu hawalijui, wanaenda benki kuhangaika na malipo ya awali. Omba cheti cha kustahili kwa fomu 26-1880.

Matibabu: uwe umeitwa na serikali kuu, si kwa mafunzo, na umemaliza muda wote ulioitiwa.

Pensheni ya miaka 20 ni ya jeshi, si ya VA. Kila mwaka uwe na pointi 50 au zaidi, na malipo kwa kawaida huanza ukifika miaka 60. Usiichanganye humu.

Hatua ya 4: Jeraha la drili (hapa ndipo nilipopoteza miezi)

Fidia ya ulemavu haidai uwe umewahi kuitwa vitani. Ila sheria inauliza: siku ile ulikuwa fungu gani?

Ukiwa fungu B, jeraha linahesabika na ugonjwa unahesabika, mradi vimeanza au vimezidi ukiwa kazini. Ukiwa fungu C ni jeraha tu. Ukianguka, ukiteguka, sawa. Ukianza kisukari wikendi ya drili, hapana. Mshtuko wa moyo na kiharusi vimeruhusiwa hata hapo. Njiani pia umo, ukienda drili moja kwa moja au ukirudi nyumbani moja kwa moja. Ukipitia harusini kwanza, utajieleza.

Sasa ushahidi. Kikosi kilitakiwa kijaze DA 2173, taarifa ya jeraha la kazini. Kijana wetu aliruka kutoka nyuma ya lori, goti likalia, sajenti akamwambia ameze dawa ya maumivu na asubiri Jumapili. Hakuna aliyejaza kitu. Kama bado uko kikosini, hakikisha inajazwa wiki hiyohiyo hata wakikuita mlalamishi.

Kama haipo, usikate tamaa wala usitume barua ndefu ya uchungu. Tulitafuta vitu vinne. Cha kwanza, taarifa ya pointi na hati ya mshahara wa mwezi ule, kuthibitisha alikuwepo drili. Cha pili, karatasi ya kliniki aliyokwenda Jumatatu. Daktari alikuwa ameandika "aliruka kutoka kwenye lori". Sentensi hiyo moja ilitusaidia kuliko kurasa zote nyingine. Cha tatu, maelezo ya wenzake wawili walioona, kwenye fomu 21-10210. Cha nne, daktari wa sasa aliyeandika kwamba goti la leo yaelekea limetokana na mruko ule, na kwa nini anaona hivyo. Bila hiyo "kwa nini" maoni yake hayana uzito.

Hatua ya 5: Tuma

Kabla hata ya hatua ya 1, kwa kweli, weka nia ya kudai, fomu 21-0966. Inakushikia tarehe mwaka mzima ukikusanya vitu, na malipo yanaweza kurudi hadi tarehe hiyo. Dai lenyewe ni 21-526EZ. Umeshakataliwa na una ushahidi mpya? Tuma 20-0995. Ukiituma ndani ya mwaka mmoja wa barua, unailinda tarehe yako ya mwanzo.

Nenda kwa afisa wa maveterani wa kaunti, au vyama vya maveterani kama DAV au VFW. Hawatozi. Anayekutaka ulipe ili akuandalie dai la kwanza, funga simu.

Hatua ya 6: Ukikubaliwa na bado unadrili

Kijana wetu alipata asilimia 10 ya ulemavu. Fedha ya mwezi ni ndogo, lakini anayelipwa fidia halipi ada ya mkopo wa nyumba wa VA, asilimia 2.15 kwa anayekopa mara ya kwanza bila malipo ya awali. Kwa nyumba ya dola 300,000 hiyo ni dola 6,450.

Ila huwezi kupokea fidia na mshahara wa drili kwa siku ileile. Fomu 21-8951 hujazwa kila mwaka, unachagua uache kipi. Wikendi moja huhesabiwa siku 4, kwa hiyo mwaka wa kawaida, wikendi 12 pamoja na siku 15 za mafunzo ya kila mwaka, ni siku 63. Wengi huacha fidia kwa siku hizo kwa sababu mshahara ni mkubwa zaidi. Usipoijaza watakukata baadaye kwa mkupuo, na mkato huo huja mwezi wa kodi ya nyumba.