Simamisha igizo kabla ya suluhisho

Ndugu zangu mnaoongoza vikundi vya sanaa huku Kilolo, Mufindi na Mbeya, igizo la kuhamasisha jamii lisimalizikie jukwaani. Mtazamaji akishaona mhalifu amekamatwa, moyo wake unatulia, anapiga makofi, anakwenda zake kulala.

Chukua mfano wa mabinti wanaochukuliwa vijijini kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Fikisha hadithi pale dalali ameshaweka hela mezani na mama anasita. Simamisha. Uliza, "Wewe ungekuwa huyu mama, ungefanyaje?" Anayejibu usimwache amekaa, mwite achukue nafasi ya mama, na dalali ambane kwelikweli, asimlegezee. Hapo ndipo watu wanapogundua ugumu wenyewe uko wapi, na mwingine anainuka kujaribu njia yake. Namna hii aliieneza Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, tangu miaka ya 1970, na kwetu inakubali sana, maana watu wetu wamezoea kuitikia na kuingia ngomani.

Mtendaji wa kijiji mwalike mapema, akae mbele. Mwishoni maswali yaende kwake, si kwa waigizaji. Taja namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, inapigwa bure. Na kabla watu hawajatawanyika, wakubaliane nani atafanya nini na lini, mtendaji aandike.

Msimu wa kilimo msipange onyesho asubuhi. Watu wako shambani.