Jinsi ya kumsoma mtu kwa posti zake kabla hujampa kazi ya dukani

Mi kazi yangu kuwatafutia watu wauzaji wa maduka hapa Mtwara mjini, na kabla sijamuita mtu napita kwanza akaunti yake. Najua mtasema mtandaoni watu wanaigiza tu, ila utafiti wa 2010 kwa watumiaji wa Facebook wa Marekani na wa mitandao ya aina hiyo ya Ujerumani ulikuta profaili inamuonyesha mtu alivyo kuliko anavyotamani kuwa. Sa fanya hivi.

Hatua ya 1: shuka chini mpaka mwaka mzima. Huku kwetu ukisoma posti za Oktoba mpaka Desemba hela za korosho zikiwa zimeingia utadhani Newala nzima hakuna mnuno, kila mtu mishkaki na bodaboda mpya, we nenda Machi Aprili mfuko umekauka uone anaongeaje na watu.

Hatua ya 2: picha pita haraka, kaa kwenye komenti. Hapa ndo penyewe. Kuna dogo wa Masasi aliomba duka la vifaa vya umeme, picha zote kaegemea magari ya watu, bosi akasema huyu tapeli. Nikafungua komenti, mtu kauliza bei ya feni kajibiwa, kauliza inapungua kajibiwa tena, mwingine akaja na matusi eti unauza feki, dogo akaandika "kaka njoo uijaribu, isipozunguka usilipe". Nikamwambia bosi mchukue. Yupo mpaka leo.

Hatua ya 3: tafuta maneno yanayojirudia. Huo utafiti wa 2010 ulikuta uchangamfu na kupenda mambo mapya vinaonekana kirahisi kwa macho, wasiwasi wa moyoni ndo mgumu kuuona. Ila 2013 watafiti walichambua maneno ya watu 75,000 hivi wa Facebook, wachangamfu wakawa wanataja sana sherehe, wanaojitenga kompyuta, wenye msongo wanalalamika kuchoshwa na mambo. Kwahiyo "nimechoka" moja ya Jumatatu iache (nani hajachoka Jumatatu), ikijirudia miezi mitatu ndo uulize.

Hatua ya 4: dini na siasa zake ruka, hazikuhusu.

Hatua ya 5: akaunti ikiwa tupu usimkate jina, mpigie simu. Kuna wauzaji wazuri tu bando lao lote linaishia kwenye mpira.