Kuhariri riwaya katika kampuni ndogo ya vitabu

Katika kampuni kubwa mswada hupita kwa msomaji, mhariri wa maudhui, mhariri wa lugha na msoma prufu, yaani nakala ya majaribio inayokaguliwa kabla ya kuchapwa. Katika kampuni ndogo ya Dar es Salaam au Nairobi, kazi hizo nne mara nyingi ni za mtu mmoja, na huyohuyo ndiye anayefuatilia ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na kuwasiliana na kiwanda cha uchapaji. Kosa kubwa ni kuzifanya zote kwa mpigo. Ukisahihisha koma huku unawaza kama sura ya tatu inahitajika, koma zitakuponyoka na sura utaiacha ilivyo.

Soma kwanza mswada wote bila kugusa neno. Kisha chora jedwali: sura, mahali, wakati, waliopo, na jambo linalobadilika. Sura ambayo safu ya mwisho imebaki tupu ndiyo ya kuhojiwa mwanzo. Jedwali hilo pia hufichua hesabu za umri: mtoto mwenye miaka tisa katika sura ya 5 asije akawa na saba katika sura ya 11 bila maelezo.

Mwandikie mwandishi barua ya kurasa mbili au tatu, yenye mambo makubwa matano au sita, si arobaini. Anza na yaliyosimama vizuri, ukitaja kurasa. Yanayobaki yaulize: “Shangazi amejuaje habari za shamba kabla ya sura ya 9?” Swali kama hilo humrudisha mwandishi kazini, aya uliyomwandikia wewe humfanya ajitetee, na sauti yake itasikika imekatika hapo. Mpe wiki nne hadi sita.

Lugha ije baada ya hapo. Fungua orodha ya maamuzi na uijaze kadiri unavyosonga: nyinyi au ninyi, rafiki zangu au rafiki wangu, tarakimu au maneno, saa za Kiswahili au za kimataifa. Chagua kamusi moja na uifuate. “Kwahiyo” na “kwasababu” zitenganishe kila zinapotokea. Ila mhusika wa Pemba au Lamu akisema kwa lahaja yake, mwache aseme. Kazi yako ni kuhakikisha “ntakuja” yake imeandikwa namna moja mwanzo hadi mwisho. Kusanifisha mazungumzo yote ni kuua wahusika.

Kuna alama moja inayotaka uangalizi wa pekee: ritifaa ya ng'. Waandishi huchapa kwenye simu na kompyuta tofauti, hivyo “ng'ombe” huja na alama iliyonyooka, iliyopinda, wakati mwingine iliyopinda kinyume. Zitafute zote tatu, zigeuze ziwe moja, kabla faili halijaenda kwa mpangaji kurasa.

Mpangaji naye mwambie mapema azime ukataji wa maneno wa Kiingereza mwishoni mwa mistari. Programu ikiachiwa itakata “mwanafun-zi”, wakati silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu: mwa-na-fu-nzi. Nz, mb, nd, ng' na dh hazigawanywi.

Prufu isome kwenye karatasi, na isomwe na jicho jingine pia, kwa sababu wewe sasa unaona unachokumbuka badala ya kilichochapwa. Linganisha yaliyomo na namba za kurasa. Angalia vichwa vya sura, jina la mwandishi kwenye jalada, na ISBN ya nyuma dhidi ya ile ya ukurasa wa hakimiliki, tarakimu zote 13. Namba hiyo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Iombe mapema, maana jalada haliwezi kukamilika bila hiyo.

Kurasa nyingi hukunjwa kwa mafungu ya 16. Kitabu chenye kurasa 210 kitalazimisha 224, na utalipia kurasa 14 tupu. Ukiweza kubana ziwe 208, fanya hivyo. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo kurasa 208, yaani karatasi 104, hutoa mgongo wa milimita 10 na ushei. Kiulize kiwanda kithibitishe kwa karatasi yake kabla jalada halijafungwa.

Masahihisho ya dakika ya mwisho hufanywa kwenye faili la mpangaji, si kwenye mswada wako. Lidai faili hilo pamoja na fonti zake siku kitabu kinapotoka, la sivyo toleo la pili litaanza na makosa uliyokwisha kuyaondoa.