Kufinyanga ulimi wa kiinitete kwa unga wa ngano

Wanafunzi wangu wa uuguzi hapa Moshi walikuwa wakikariri neva za ulimi, zile zitokazo kwenye ubongo na kuitwa kwa namba, kama sala: ya 5, ya 7, ya 9, ya 10, ya 12. Mtihani ukipita, zimeyeyuka. Siku moja binti wa safu ya nyuma akauliza, "Mwalimu, kiungo kidogo hivi, neva tano za nini?" Nilichora ubaoni hadi chaki ikaisha, bado sikumfikisha. Jioni, nikikanda chapati nyumbani Majengo, nikaliona jibu mikononi mwangu: waufinyange ulimi jinsi unavyojengeka tumboni mwa mama.

Kanda nusu kilo ya unga na kijiko cha chumvi, uwe mgumu kuliko wa chapati. Gawa mara nne. Donge moja tia manjano, jingine kahawa, jingine rangi nyekundu ya ubuyu, la mwisho libaki jeupe. Njano ni tao la kwanza la koromeo (matao ni mikunjo ya shingoni mwa kiinitete, kila moja na neva yake), kahawia ni la pili, jeupe ni la tatu pamoja na la nne. Jekundu lisubiri pembeni.

Juu ya sinia weka punje ya njano, kama harage. Huo ni mwanzo, wiki ya 4 tangu kutungwa mimba, kwenye sakafu ya koromeo. Kulia na kushoto, mbele yake kidogo, weka vidonge viwili vya njano vikubwa zaidi. Visukume polepole vikutane na kuifunika ile punje isionekane tena. Hapa usiwaharakishe, maana wengi hudhani kilichotangulia ndicho kitakachokua, kumbe punje ile haiachi alama yoyote. Vilipokutana, acha mfereji. Kila mmoja atoe ulimi mbele ya kamera ya simu auone mfereji huohuo kinywani mwake. Hizo ndizo theluthi mbili za mbele.

Nyuma weka kahawia kidogo, kisha donge jeupe lipande juu yake, liizike, liungane na njano. Mpaka wao uwe kama V yenye ncha kooni. Kwenye ncha bonyeza kwa njiti ya kiberiti: hapo ndipo tezi ya thairoidi ilipoanzia kabla ya kushuka shingoni. Mara chache haishuki, kwa hiyo uvimbe wa nyuma ya ulimi haukatwi kabla ya kuhakikisha kwamba shingoni kuna thairoidi. Hili hulirudia mara mbili.

Sasa jekundu. Karibu misuli yote ya ulimi ni wageni, imesafiri kutoka somaiti za kisogoni, yaani vinundu vya mgongoni mwa kiinitete vinavyozaa misuli. Funga uzi kwenye donge, mtu ashike mwisho wa uzi nyuma, wewe lisukume hadi chini ya njano. Uzi unafuata. Ndiyo neva ya 12.

Kisha rudisha swali la yule binti: neva tano za nini? Njano inahisi mguso kwa neva ya 5. Jeupe lina neva ya 9, mguso na ladha pia, na shinani kabisa ni ya 10. Kahawia limezikwa, lakini neva yake, ya 7, imevuka mpaka ikachukua ladha ya sehemu ya mbele. Binti wangu wa safu ya nyuma alijibu mwenyewe, akiwa na unga hadi viwikoni.

Mwisho, tenganisha ncha ya ulimi na sakafu ya kinywa kwa kisu butu, ukiacha utepe mwembamba chini katikati. Kikundi kimoja kiache utepe ufike hadi nchani, kisha kijaribu kuinyanyua. Haitanyanyuka. Waeleze hapohapo kuhusu mtoto mchanga mwenye utepe kama huo, jinsi anavyoweza kushindwa kushika titi vizuri na mama akachubuka chuchu.