Namna ya Kumtambua Furu Anayekula Magamba

Wavuvi wa Mwanza huita furu karibu kila samaki mdogo wa jamii ya sato anayenaswa pamoja na dagaa, lakini ndani ya jina hilo moja wamo samaki wenye ulaji tofauti kabisa. Mmoja wao ni Haplochromis welcommei, aliyeelezwa kisayansi na P. H. Greenwood mwaka 1966, ambaye hula magamba ya samaki wenzake. Ninaeleza hapa jinsi ninavyofanya mwenyewe uchunguzi wa kumtambua, kwa vifaa ambavyo mwanafunzi yeyote anaweza kuvipata.

Hatua ya kwanza: fika mwaloni alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi. Chagua furu wazima, ambao tumbo halijapasuka, uwaweke kwenye barafu mara moja, kwa kuwa chakula huendelea kumeng'enywa hata baada ya samaki kufa. Mpige kila mmoja picha kabla ya jambo lingine lolote, kwani rangi za dume hufifia upesi.

Hatua ya pili: chunguza mdomo. Mlaze samaki kwenye sinia jeupe, mfute pua kwa kitambaa, kisha umtazame kutoka juu. Katika Ziwa Tanganyika yuko mla magamba mwingine, Perissodus microlepis, mwenye meno mapana yaliyopinda kuelekea kooni, na mdomo ulioelekea upande mmoja: mwenye mdomo wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na wa kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti Michio Hori alionyesha kwamba makundi hayo mawili hupokezana wingi, kwa sababu windo hujihadhari zaidi na upande unaoshambuliwa mara nyingi, na hivyo walio wachache hufaidika. Ni jambo la kustaajabisha, lakini lisikupotoshe. Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na aina nyingi za furu wetu zilitokea baadaye. Ulaji wa magamba ulizuka huku bila kurithiwa kutoka Tanganyika. Usimkatae furu kwa sababu tu mdomo wake haujapinda.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo ni kufungua tumbo. Kata kwa mkasi mdogo kuanzia tundu la haja kuelekea kichwani, ukiinua ncha ya mkasi ili usitoboe utumbo. Toa mfuko wa chakula, umimine vilivyomo kwenye kisahani chenye maji, utazame kwa lenzi. Magamba yatang'aa, yakiwa na mistari ya duara mfano wa pete za mti. Ukiona gamba ambalo katikati yake halina mistari hiyo, hilo liliota upya baada ya lile la awali kung'olewa, na hapo unaona kwa macho jinsi samaki huyu anavyoweza kumrudia windo ambalo hakuliua.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliandika kwamba furu mmoja hula magamba kwa sababu nilikuta magamba matatu kinywani mwake. Nilikosea. Samaki waliosongamana wavuni hubanduana magamba, na baadhi huyameza. Tangu hapo sihesabu yaliyo kinywani. Natafuta magamba mengi ndani ya mfuko wa chakula na utumboni, na nataka niyakute kwa samaki kadhaa wa aina hiyo hiyo, waliovuliwa siku tofauti.

Hatua ya nne: mhifadhi samaki katika formalini ya asilimia 10, ukivaa glavu na ukifanya kazi mahali penye hewa. Akishakuwa mgumu, msuuze kwa maji na umhamishie kwenye spiriti ya asilimia 70. Magamba uliyoyapata yaweke kwenye kichupa chake, na juu ya vyombo vyote viwili uandike kwa penseli namba ile ile, tarehe, mwalo na aina ya wavu.