Kikoa kikichukuliwa na matapeli, anza na barua pepe

Kikoa (jina la tovuti yako mtandaoni, kama lile la .com) kikiisha muda na matapeli wakakinunua, wengi hulilia tovuti. Tovuti ngoja kwanza. Tapeli aliyekinunua anaweza kuzifufua anwani zako za zamani za barua pepe zinazotumia kikoa hicho na kupokea ujumbe wa kubadili nywila. Kwa hiyo leo hii ingia benki, Facebook, Google, popote ulipojisajili kwa anwani ile, uiondoe. Wateja waambie kwa SMS au WhatsApp wasilipe ankara yoyote itokayo huko.

Futa pia kiungo kwenye kurasa zako za mitandao na Google Maps. Matapeli walipokinunua, walichotaka hasa ni wageni wa tovuti yako.

Kukirudisha? Kikoa cha .com kikifutwa na msajili (kampuni inayouza na kusajili vikoa), una siku 30 za kukikomboa (kwa ada nono), kisha siku 5 kabla ya kuachiwa yeyote. Kikishanunuliwa, tafuta msajili wake kwa WHOIS (huduma ya mtandaoni ya kutafuta taarifa za usajili wa kikoa), umpelekee malalamiko yenye picha za skrini. Mwenye alama ya biashara anaweza kudai kupitia WIPO (Shirika la Kimataifa la Hakimiliki na Ubunifu) kwa utaratibu wa UDRP, yaani wa kutatua migogoro ya vikoa, ila ada huanzia dola 1,500. Kwa duka dogo, mimi ningenunua jina jipya.