Funika jina la mshairi kwanza

Ukitaka kuhakiki shairi la Kiingereza, funika jina la mtunzi kabla hujaanza kusoma. Katika miaka ya 1920, I. A. Richards, mhakiki na mwalimu wa fasihi, aliwagawia wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Shairi la John Donne, mshairi anayeheshimiwa mno, wengi walilikosoa! Matokeo yake aliyachapisha kitabuni mwaka 1929. Jina kubwa hutuamulia mapema, na hilo naliona kila mara kwa wanaojiandaa na mtihani wa fasihi.

Kisha soma kwa sauti, mara mbili tatu. Usihesabu mizani kama unavyofanya kwa tarbia; ushairi wa Kiingereza wa kimapokeo huenda kwa mikazo, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu zaidi, na mshororo wa soneti (shairi la mishororo kumi na minne) kwa kawaida huwa na mikazo mitano. Gonga meza kwa kidole, utaisikia. Pale mapigo yanapovurugika, simama hapo hapo, maana mara nyingi ndipo mshairi alipoweka uzito wake. Andika ni neno gani limekugusa na liko mshororo wa ngapi. “Zuri” au “baya” liache hadi mwisho kabisa.